Pale Kigae Kinapokutana na Sinki: Historia ya Sakafu ya Bafuni

Leo ukiingia bafuni, hebu inama kidogo uangalie pale sinki la choo linapogusa sakafu. Achana na katikati ya chumba, kule hata fundi wa wiki mbili anapanga vigae vikanyooka. Angalia ukingoni. Kuna bafu ambazo kigae kimefuata mkunjo wa sinki kama kiatu kilichoshonwa kwa kipimo cha mguu. Kuna nyingine ambazo fundi aliacha pengo la vidole viwili, akalijaza saruji nyeupe, akapokea hela yake akaondoka. Saruji hiyo sasa ni ya kijivu, ina ufa, na ina kaharufu ambako umeshakazoea.

Kama unaishi chini, kaharufu hako ni kero tu. Kama unaishi ghorofani, maji yanayopita kwenye ufa huo yako safarini kwenda kwenye dari ya jirani yako, na yakiwa njiani yanapita kwenye nondo za zege na kuzipa kutu. Nondo ikipata kutu inavimba, zege linapasuka, na siku moja kipande kinamdondokea mtu. Kwa hiyo kaukingo haka ka sentimita moja si suala la urembo. Watu wamehangaika nako kwa zaidi ya miaka 4,000, na namna walivyohangaika inatueleza mengi kuhusu kemia, fizikia, na hata jinsi nadharia ya uongo inavyoweza kuzaa sakafu nzuri.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Nikisema kigae namaanisha kile ambacho dukani unakiitisha kama tailizi, na ambacho wengi Tanzania wanakiita marumaru, ingawa marumaru halisi ni jiwe linalochimbwa ardhini. Neno kigae lenyewe ni la zamani zaidi ya tailizi: ni kile kipande cha chungu kilichovunjika. Shikilia maana hiyo ya pili, tutaihitaji muda si mrefu.

Tuanzie bonde la mto Indus, Pakistan ya leo. Mji wa Mohenjo-daro, takriban mwaka 2500 kabla ya Kristo. Nyumba nyingi za mji ule zilikuwa na chumba cha kuogea, na sakafu yake ilitengenezwa kwa matofali ya kuchoma yaliyosuguliwa kingo zake ili yakae yamebanana, nafasi kati ya tofali na tofali iwe ndogo kabisa. Sakafu ililazwa kwa mteremko kuelekea pembe moja, pale palikuwa na mfereji, na mfereji ulitoka nje kwenda kwenye mfereji mkubwa wa mtaa uliofunikwa. Mteremko, viungo vilivyobana, njia moja ya kutokea maji. Ukimwita fundi mzuri leo Kariakoo au Gikomba, atakutajia mambo hayo hayo matatu.

Lakini mafunzo makubwa yako kwenye lile bwawa maarufu la mji ule, linaloitwa Bafu Kuu. Lina urefu wa mita 12 hivi, upana wa mita 7, kina cha mita 2.4. Wajenzi walipanga matofali kwa ustadi na kuyaunga kwa lipu ya jasi, halafu, na hapa ndipo penye akili, nyuma ya matofali wakaweka tabaka la lami ya asili. Yaani hawakuyaamini matofali. Walijua kwamba hata ukibananisha vipi, maji yatapita kwenye viungo. Tofali ni la kukanyaga na kusugua. Kuzuia maji ni kazi ya kitu kingine kilichojificha nyuma yake. Wateja wengi wa leo hawalijui hilo. Wananunua vigae vya bei mbaya wakidhani wamenunua kinga ya maji, kumbe wamenunua sura. Kigae chenyewe hakipitishi maji, sawa, ila kati ya kigae na kigae kuna grauti, na grauti ya kawaida ni saruji, na saruji ina vitundu vidogo vinavyonyonya maji kama sifongo, polepole tu.

Warumi nao walikuwa na suluhisho lao. Walichukua vigae, vile vya maana ya zamani, vipande vya vyungu na matofali yaliyovunjika, wakavisaga na kuvichanganya na chokaa. Udongo uliochomwa una silika na alumina ambazo ziko tayari kuungana na chokaa kukiwa na maji, na zao lake ni kitu kigumu kinachoganda hata kikiwa ndani ya maji. Chokaa tupu haiwezi hivyo, inahitaji hewa. Na pale sakafu ya bwawa ilipokutana na ukuta, Warumi waliweka ukanda wa mviringo wa mchanganyiko ule ule, kama robo ya gogo lililolazwa kwenye pembe, kwa sababu walishaona kwamba nyufa zinaanzia pembeni. Tutarudi kwenye pembe.

Huku kwetu Pwani, tatizo lilitatuliwa kwa njia ambayo mimi naiona ya busara kuliko zote: kutokuwa na viungo kabisa. Kwenye magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, nyumba za mawe za wenyewe zina vyoo na sehemu za kujisafishia ndani, miaka mia kadhaa kabla ya watu wengi wa Ulaya kufikiria jambo hilo. Lamu hivyo hivyo. Sakafu na kuta zilipigwa lipu ya chokaa iliyotokana na matumbawe. Matumbawe yalirundikwa juu ya magogo kwenye tanuu, yakachomwa mpaka kaboni dioksidi ikatoka, yakabaki chokaa kali. Ikaiva na maji, ikapakwa, halafu taratibu ikavuta tena kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Ukifikiria vizuri, bafu la Mswahili wa zamani lilikuwa jiwe la baharini lililoyeyushwa na kumiminwa upya kwa umbo la chumba.

Na tundu la choo lilikuwa sehemu ya sakafu yenyewe. Hakikuwepo chombo kutoka nje kilichokuja kukaa juu ya sakafu, kwa hiyo hakukuwa na ukingo wa kugombana nao. Kitu pekee cha kigeni kilichochomekwa kwenye lipu kilikuwa bakuli au sahani ya kauri ya Kichina, iliyowekwa kwenye sakafu ya birika la maji, na ndani ya birika waliishi visamaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Kauri ndani ya chokaa, tena ndani ya maji kila siku. Hilo ni tatizo lile lile la sinki, kwa kipimo kidogo, na mafundi wale walilimudu.

Sasa twende Uingereza, maana sinki letu la leo limetokea huko, na ndipo ugomvi wa kweli unapoanza.

Mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengeneza saa kutoka Scotland, alipata hataza ya choo chenye bomba lililokunjwa kama herufi S. Maji kidogo hubaki kwenye mkunjo na kuziba hewa chafu isirudi ndani. Kitu chepesi, na bado kiko kwenye kila sinki unalolikalia. Shida ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia iliyofuata, mitambo ya choo ilifichwa ndani ya sanduku la mbao. Sanduku zuri, la mninga wao huko, lenye mfuniko. Wageni waone samani, wasione choo. Nyuma ya mbao kulikuwa na mabomba ya risasi, viungo vinavyovuja, na sakafu ya mbao inayolowa. Hakuna aliyefagia mle ndani kwa sababu hapafikiki.

Wakati huo huo, kwingineko kabisa, sakafu ilikuwa inabadilika. Mwaka 1840 Richard Prosser alipata hataza ya kutengeneza vitu vya kauri kwa kukandamiza unga mkavu wa udongo badala ya kufinyanga udongo mbichi. Yeye alikuwa anawaza vifungo vya nguo. Herbert Minton, mwenye kiwanda cha kauri Stoke-on-Trent, akaona vigae. Kwa nini unga mkavu ni jambo kubwa? Kwa sababu udongo mbichi una maji mengi, na yakikauka udongo unasinyaa na kupinda, kila kipande kwa namna yake. Ndiyo maana vigae vya zamani havilingani, na fundi alilazimika kuacha nafasi pana ili kuficha tofauti. Unga unaobanwa kwa nguvu una maji kidogo mno, kwa hiyo kusinyaa ni kidogo na kunatabirika. Kwa mara ya kwanza ukaweza kutengeneza vigae elfu kumi vinavyolingana, na mistari kati yake ikawa myembamba. Vigae vya Minton viko mpaka leo kwenye jengo la Bunge la Uingereza na kwenye Capitol ya Marekani.

Lakini bafuni bado. Mbao zilikuwa bado zinatawala bafuni. Kilichozifukuza ni hofu.

Majira ya joto ya mwaka 1858 mto Thames ulinuka vibaya kiasi kwamba wabunge walishindwa kukaa ukumbini. Ndipo pesa zikapatikana haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mfumo mkubwa wa mabomba ya maji taka chini ya London. Madaktari wengi wakati huo waliamini kwamba magonjwa kama kipindupindu yanaletwa na hewa mbaya, ile harufu yenyewe. John Snow alikuwa ameshaonyesha mwaka 1854, kwa kufuatilia vifo vya mtaa wa Broad Street, kwamba kipindupindu kinatoka kwenye maji ya pampu, ila wengi hawakumsikiliza.

Hapa ndipo napenda sana historia hii. Nadharia ya hewa mbaya si kweli. Lakini mtu anayeamini kwamba harufu inaua, ataangalia lile sanduku la mbao na kuona jeneza. Ataling'oa. Na ndicho walichofanya miaka ya 1880: Thomas Twyford na wenzake wakatengeneza sinki la kipande kimoja cha kauri linalosimama lenyewe, bila sanduku, unaweza kulizunguka na kulisafisha pande zote. Sinki la aina hiyo la George Jennings, yule yule aliyeweka vyoo vya kulipia kwenye Maonyesho Makuu ya London ya 1851, lilipata medali ya dhahabu kwenye Maonyesho ya Afya ya 1884. Mwaka huo huo Robert Koch alitangaza matokeo yake juu ya bakteria wa kipindupindu. Yaani sababu sahihi ilikuja ikakuta kazi imeshafanyika kwa sababu isiyo sahihi. Vijidudu vikachukua nafasi ya harufu, na hakuna aliyehitaji kubadilisha sinki.

Ila sinki lilipotoka kwenye sanduku, kitu kimoja kilibaki uchi: sakafu. Sasa kila mtu aliiona, na kila tone lililodondoka pembeni ya sinki lilikaa pale. Mbao hazikufaa. Kukawa na haja ya sakafu ngumu isiyonyonya, tena nyeupe, ili uchafu uonekane. Bafu likaanza kufanana na chumba cha upasuaji. Na fundi kwa mara ya kwanza akakabidhiwa kazi ambayo mpaka leo inawatoa jasho mafundi wetu: panga vitu vya mraba kuzunguka kitu cha mviringo.

Wamarekani walipata jibu zuri mwanzoni mwa karne ya 20: vigae vidogo sana. Ukiangalia picha za bafu za New York za miaka ile utaona sakafu za vigae vyeupe vya pembe sita, upana wake inchi moja tu. Kiwandani vilibandikwa kwenye karatasi, uso ukiwa umeelekea karatasi, fundi analaza shuka zima, saruji ikishaanza kushika anailowesha karatasi na kuibandua. Sasa fikiria hesabu yake. Kama kigae kina upana wa sentimita 2.5 na unakizungushia mviringo, hata usipokata chochote, pengo kubwa utakalobaki nalo halifiki upana wa kigae kimoja. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 hakikupi msamaha huo. Lazima uchore, ukate, na ukikosea kipande kimoja umetupa hela.

Kuna faida ya pili ya udogo ambayo haizungumzwi sana. Sakafu ya bafu la kuogea inatakiwa kuteremka kuelekea tundu la maji, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Kama tundu liko katikati, umbo la sakafu ni kama sahani, linateremka kutoka pande zote. Kigae kikubwa ni bapa na hakipindi, hakiwezi kuteremka kuelekea pande mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo utalazimika kukikata kwa mshazari au kigae kimoja kitainua pembe na kukukwaruza kidole. Vigae vidogo vinafuata sahani yoyote bila kulalamika, na mistari yao mingi ya grauti inaupa mguu mahali pa kushika. Leo mitindo imegeuka, viwanda kama kile cha Twyford pale Chalinze (jina lile lile la Mwingereza wa masinki, safari hii kwenye maboksi ya vigae ya mwekezaji wa Kichina) vinatoa vigae vikubwa vinavyong'aa na kila mtu anavitaka mpaka bafuni. Mimi kwa kweli sivielewi vigae vinavyong'aa kwenye sakafu ya kuogea. Mtu mzima akiteleza akavunjika nyonga, umaridadi wake hautamsaidia.

Tuje kwenye kushikana, maana hapa fundi na kemia wanakutana uso kwa uso.

Njia ya zamani, ambayo mafundi wetu wengi bado wanaitumia, ni kulaza kigae juu ya tabaka nene la mchanga na saruji, sentimita 3 au zaidi, baada ya kukiloweka kwenye ndoo. Umewahi kujiuliza kwa nini wanaloweka? Saruji haikauki kama nguo. Inaungana na maji kikemia, na inahitaji maji ya takriban robo ya uzito wake ili kazi hiyo ikamilike. Kigae cha kauri cha kawaida kina vitundu. Kile cha ukutani kinaweza kunyonya zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, yaani kigae cha kilo moja kinavuta zaidi ya gramu 100 za maji. Ukikilaza kikavu, kinainyang'anya saruji maji yake kabla haijamaliza kazi, na unabaki na unga. Ukikiloweka, kimeshashiba. Fundi aliyefundishwa na mjomba wake bila kuambiwa sababu alikuwa sahihi kabisa.

Tatizo ni kwamba kigae kimebadilika, mazoea hayajabadilika. Vile vigae vigumu vya porseleni vinanyonya asilimia 0.5 au chini yake, ndicho kipimo cha kimataifa cha kuitwa hivyo. Gramu 5 kwa kilo. Kuviloweka ni kuviogesha tu. Na kibaya zaidi, saruji tupu inashika kigae kwa kupenyeza mizizi midogo ya fuwele kwenye vitundu vyake. Kama vitundu havipo, mizizi inashika nini? Ndiyo maana unasikia nyumba mpya, miezi minane, vigae vinalia ko ko ko ukivigonga, na kimoja kimeinuka chenyewe usiku kwa kishindo.

Dawa yake ina miaka zaidi ya 60. Katika miaka ya 1950, Henry Rothberg, mhandisi wa kemia wa Marekani, alichanganya saruji na mpira wa maji wa aina ya leteksi, na mwaka 1956 akaanzisha kampuni kule Connecticut. Chembe za mpira zinatengeneza utando ndani ya saruji: unashika hata uso usio na vitundu, unazuia maji yasikimbie haraka, na unaruhusu mjongeo kidogo. Tabaka likashuka kutoka sentimita 3 mpaka milimita chache. Hiyo ndiyo gundi ya vigae unayoiona dukani kwenye mifuko. Inauzwa ghali kuliko saruji, na hapo ndipo mteja anaposema "fundi, si tutumie saruji tu?" Kwa porseleni, jibu ni hapana.

Na gundi itandazwe yote kwa mwiko wenye meno. Ile tabia ya kuweka madonge matano, manne pembeni na moja katikati, inaacha mapango chini ya kigae. Bafuni mapango hayo yanajaa maji, na maji yakikaa yanatafuta njia ya chini.

Swali ambalo mafundi wanabishana nalo mpaka chai inapoa: kianze nini, sinki au vigae? Kwa sinki la kukalia, vigae vianze. Vipite mpaka karibu na bomba la maji taka, halafu sinki likae juu yake, kingo mbaya za kukata zijifiche chini ya kiuno cha sinki. Siku likivunjika, utaweka lingine lenye umbo tofauti bila kugusa sakafu. Kuanza na sinki halafu kulizungushia vigae kunafanya kila mkato uonekane na kila badiliko la baadaye liwe balaa. Choo cha kuchuchumaa ni kinyume chake. Kile kinazama ndani ya sakafu, kwa hiyo kinatangulia, na mdomo wake uwe chini kidogo ya uso wa vigae vitakavyokuja, ili maji yateremkie ndani. Ukikosea milimita tano tu, mdomo ukawa juu, utakuwa na kidimbwi kuzunguka choo maisha yako yote, na kukirekebisha ni kuvunja.

Kukata nako kuna historia yake. Zamani ilikuwa koleo na patasi, unamega kidogo kidogo kama panya. Mwaka 1951 ndugu wa familia ya Boada, kwenye mji wa Rubí karibu na Barcelona, walitengeneza mashine ya mkono ya kukwaruza mstari na kuvunja. Inafaa mistari iliyonyooka. Mwaka 1954 Ujerumani wakaleta grinda ya mkono ya mwendo wa kasi, na Desemba mwaka huo huo watafiti wa General Electric wakafanikiwa kutengeneza almasi maabara. Grinda na kisahani chenye almasi vilipokutana, mviringo wa sinki haukuwa tishio tena.

Ila kigae bado kinaweza kukusaliti. Ukikata umbo la U kwa ajili ya bomba na ukaacha pembe kali ndani, kigae kitapasuka kuanzia pembe ile, pengine wiki tatu baadaye. Mwaka 1913 Charles Inglis, mhandisi wa Cambridge, alionyesha kwa hesabu sababu yake. Ukivuta bamba lenye tundu la duara, msongo pembeni ya tundu ni mara 3 ya ule wa kawaida. Tundu likiwa refu na jembamba, urefu mara 10 ya upana, msongo kwenye ncha unapanda mpaka mara 21. Kadiri ncha inavyokuwa kali ndivyo inavyokusanya nguvu. Ndiyo maana fundi makini anatoboa kwanza katundu ka duara pale pembe itakapokuwa, ndipo anakata kuifuata. Warumi na ule ukanda wao wa mviringo hawakuwa na hesabu ya Inglis, ila walikwepa pembe kali hivyo hivyo.

Kigae kimekatwa, kimeshika, sinki limekaa. Bado lile pengo jembamba. Usilijaze grauti. Sinki, kigae na zege kila kimoja kinatanuka na kusinyaa kwa kiasi chake, na mtu wa kilo 90 akikaa sinki linacheza kidogo. Kitu kigumu katikati yao lazima kipasuke. Panahitaji kitu kinachonyumbulika, na hicho ni silikoni. Frederic Kipping wa Nottingham alitumia miongo kadhaa kuchunguza kemia ya silikoni, na katika mhadhara wa miaka ya 1930 alionekana hana matumaini kwamba itakuja kuwa na matumizi ya maana. Miaka michache baadaye, mwaka 1943, kampuni ya Dow Corning iliundwa kwa ajili ya bidhaa hizo hizo. Ile harufu ya siki unayoisikia fundi anapoipaka ni asidi ya siki kweli, inatoka silikoni inapoganda. Pakeni mbele na pembeni, mkiacha nafasi ndogo nyuma ya sinki, ili kama bomba linavuja chini yake uone maji yakitokea badala ya kufungiwa mle.

Kitu kimoja cha mwisho, na hiki kinamhusu fundi kuliko mwenye nyumba. Lile wingu jeupe linalotoka grinda inapokata kigae kikavu lina silika ya fuwele, chembe ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu na kubaki huko. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na kabla ya saratani kuna silikosisi, mapafu yanayogeuka makovu, ugonjwa usio na tiba ya kuurudisha nyuma. Mistari iliyonyooka ikatwe kwa mashine ya mkono, ile ya akina Boada, haitoi vumbi la maana. Mikunjo ikatwe nje, kwa mashine iliyotengenezwa kutumia maji. Msimwagie maji grinda ya kawaida iliyochomekwa kwenye waya wa kuunganisha, umeme hautanii. Na kitambaa mdomoni hakichuji chembe hizo. Inatakiwa barakoa ya kuchuja vumbi laini, aina ya N95 au FFP2 kwenda juu. Ukimwita fundi wiki hii, iweke kwenye orodha ya manunuzi pamoja na gundi na grauti.